Wanaume na Wanawake katika Bima ya Motokaa

Neno bima asili yake si ya pwani. Liliingia katika Kiswahili kwa wafanya biashara wa Kihindi, ambao walikuwa na desturi ya kuzikinga shehena zao na hasara za bahari, nao Wahindi walilipata kwa Waajemi. Katika Kiajemi bim ni hofu. Kwa hiyo mtu anayekata bima, kwa mujibu wa asili ya neno lenyewe, hununua nafuu ya hofu yake. Na yule auzaye bima hana budi kuipima hofu hiyo na kuitia bei. Katika kupima huko ndipo lilipozuka shauri ambalo limezisumbua mahakama za Marekani, Kanada na Ulaya kwa zaidi ya miaka arobaini: je, yafaa mwanamume na mwanamke, wenye motokaa za namna moja na waendeshao katika njia moja, watozwe fedha mbalimbali kwa sababu tu huyu ni mwanamume na yule ni mwanamke?

Yafaa kutaja, kwa ajili ya wale wanaoshughulika na lugha, kwamba swali hili huonekana upesi zaidi katika lugha za Ulaya kuliko katika Kiswahili. Mtu asemapo “dereva amegonga mti,” hakuna hata silabi moja inayoonyesha kama dereva huyo ana ndevu au hana. Mfaransa na Mjerumani hulazimika kuchagua tangu jina lenyewe la dereva, na Mwingereza, akiepuka katika jina, hukamatwa katika kiwakilishi. Walakini karatasi ya kuombea bima huuliza mambo ambayo sarufi haikuuliza, na palipo na kisanduku cha kutia alama hapana lugha iwezayo kumficha mtu.

Bima ni mfuko wa watu wengi. Kila mmoja hutia kidogo, na yule apatwaye na msiba hutolewa fedha humo. Kama wote wangekuwa na hatari sawa, wote wangelipa sawa, na shauri lingekwisha. Lakini hatari hazilingani, na mwenye kampuni atozaye bei moja kwa watu wote huona punde kwamba wale wenye hatari ndogo wanamkimbia na kwenda kwa mshindani wake, awatozaye kidogo, naye hubaki na wale wenye hatari kubwa peke yao. Ndiyo sababu kampuni za bima hupenda kuwagawa watu mafungu mafungu. Hazigawi kwa chuki wala kwa mapenzi. Hugawa kwa kuwa kampuni isiyogawa hufilisiwa na ile igawayo. Ugumu ni kwamba hakuna ajuaye hatari ya mtu mmoja. Ijulikanayo ni hatari ya fungu lake. Wazee husema samaki mmoja akioza huoza wote, na aghalabu husema hivyo kwa kumwonya mtu asichafue jina la ukoo wake. Kwa kampuni ya bima hiyo si methali, ni kanuni ya hesabu.

Kutenga wanaume na wanawake katika hesabu za namna hii ni jambo la kale kuliko motokaa. Edmond Halley, yule mwenye elimu ya nyota, alipotoa mwaka 1693 jedwali lake la vifo vya mji wa Breslau, hakutenganisha waume na wake; alihesabu watu. Lakini mwaka 1740 Mholanzi Nicolaas Struyck alitoa majedwali mawili, moja la wanaume na moja la wanawake, kwa kuwa aliona kwamba wanawake waliokuwa wamenunua posho ya kila mwaka waliishi zaidi na hivyo kuzigharimu zaidi hazina zilizowalipa. Miaka sita baadaye Mfaransa Deparcieux aliwahesabu hata watawa, wa kiume mbali na wa kike mbali. Tangu hapo wenye bima walizoea kwamba mwanamke hudumu kuliko mwanamume: basi katika posho ya uzeeni yeye ni ghali, na katika bima ya maisha ni rahisi. Tabia hii ya hesabu ilikuwa imekwisha kuota mizizi kabla ya kuzaliwa kwa dereva wa kwanza.

Dereva huyo wa kwanza wa safari ndefu, kwa kweli, alikuwa mwanamke. Mwezi wa Agosti mwaka 1888 Bertha Benz aliitoa motokaa ya mume wake bila ya kumwambia, akawapakia wanawe wawili, akaenda kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, yapata kilometa mia, akiitengeneza njiani kwa mikono yake kila ilipoharibika. Mwaka 1909 Alice Ramsey, mke wa mtu mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliivuka Marekani kwa motokaa kutoka New York mpaka San Francisco kwa muda wa siku 59. Habari hizi hazikuzuia dhihaka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa vichekesho vya mwanamke asiyejua kurudi nyuma wala kukata kona, na hapana shaka wengi waliocheka waliamini kwamba wenye bima wakipiga hesabu zao barabara watamtoza mwanamke zaidi.

Hesabu zilipopigwa zilisema kinyume. Bima za kwanza za motokaa ziliuzwa Marekani mnamo miaka ya 1897 na 1898, wakati motokaa zilikuwa chache na farasi wengi, na hofu kubwa ilikuwa kumshtua farasi wa mtu. Jambo likawa zito pale serikali zilipoingia. Jimbo la Massachusetts lililazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima kuanzia mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya barabara ya mwaka 1930, ili mtu agongwaye asikose wa kumlipa. Mabadiliko haya yana maana kuliko yanavyodhaniwa. Bima ya maisha mtu aweza kuiacha; bima ya motokaa, akitaka kuendesha, hana hiari nayo. Kwa hiyo bei yake ilianza kufanana na kodi, na watu huuliza juu ya kodi maswali ambayo hawaulizi juu ya bidhaa ya dukani.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, kampuni za Marekani ziliacha kuwapanga madereva kwa motokaa na mahali peke yake, zikaanza kuwapanga kwa umri, kwa ndoa, na kwa uume na uke. Fungu lililotiwa bei ya juu kabisa lilikuwa la kijana mwanamume asiyeoa aliye chini ya miaka ishirini na mitano. Akioa, bei ilishuka, kana kwamba kadhi au kasisi alikuwa fundi wa breki. Dada yake wa umri ule ule alilipa kidogo zaidi. Wenye kampuni walileta hesabu zao, na hesabu hizo hazikuwa za uongo. Hata leo Shirika la Afya Duniani husema kwamba wanaume hufa katika ajali za barabarani yapata mara tatu kuliko wanawake, na jambo hili limeonekana katika nchi tajiri na nchi maskini pia. Wengi wa wale waliopinga bei za kutofautisha hawakukana hesabu. Walikana kwamba hesabu ya fungu yatosha kumhukumu mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri, na ni vigumu kuona upande usiokuwa na haki yoyote. Upande mmoja wasema: kijana wa kiume asipolipa gharama ya fungu lake, italipwa na nani? Italipwa na msichana asiyegonga, naye hana kosa. Upande wa pili wasema: kijana huyu mwenyewe hajagonga, wala hajalewa, wala hajapita taa nyekundu, amezaliwa mwanamume, na kuzaliwa si tendo. Mtu aweza kuacha pombe, aweza kuuza gari la mbio, aweza kuhama mji wenye wezi. Hawezi kuacha kuwa mwana wa baba yake.

Katika Marekani vita vya shauri hili vilipiganwa jimbo kwa jimbo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1945 iliyaachia majimbo kazi ya kuitawala bima. Mahakama Kuu ya nchi nzima iligusa jambo lililo karibu tu, nalo ni malipo ya uzeeni makazini. Mwaka 1978 iliamua shauri la idara ya maji na umeme ya mji wa Los Angeles, ambayo ilikuwa ikiwakata wafanya kazi wanawake asilimia 14.84 zaidi kuliko wanaume kwa ajili ya mfuko wa uzeeni, kwa hoja kwamba wanawake huishi zaidi. Mahakama ilikubali kwamba wanawake kwa jumla huishi zaidi. Hata hivyo ilisema kwamba sheria ya kazi humlinda mtu mmoja mmoja, na wapo wanawake wengi wafao mapema kuliko wanaume wenzao. Basi haijuzu kumkata mwanamke mshahara wake leo kwa sababu ya maisha marefu ambayo pengine hatayapata. Mwaka 1983, katika shauri lililotoka Arizona, mahakama hiyo ikasema vivyo hivyo juu ya malipo yenyewe atolewayo mstaafu.

Hoja hii iliyowaokoa wanawake katika mifuko ya uzeeni ilichukuliwa na wanaume katika motokaa. Kijana mmoja wa Pennsylvania, mwenye umri wa miaka ishirini na sita na asiyekuwa na ajali wala kosa la barabarani, aliona kwamba angelikuwa mwanamke angelipa kidogo zaidi kwa bima ile ile. Akapeleka malalamiko kwa kamishna wa bima wa jimbo, naye kamishna akamwunga mkono. Kampuni iitwayo Hartford ikakata rufani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ikasema kamishna alikuwa na haki. Sheria ya bima ya jimbo ilikataza bei zenye ubaguzi usio wa haki, na maana ya maneno hayo, ilisema mahakama, haiwezi kutengwa na kifungu cha katiba ya jimbo cha mwaka 1971 kinachokataza haki za watu kupunguzwa kwa sababu ya uume au uke.

Kifungu hicho kilipiganiwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Matumizi yake mashuhuri katika bima yakawa ya kumnufaisha mwanamume, na tokeo la kwanza lililotazamiwa likawa kupanda kwa bei za wasichana. Kampuni hazikukawia kulitangaza jambo hilo. Zilisema kwamba usawa umewaletea wanawake hasara, na swali lao lilikuwa kali: je, huu ndio ukombozi?

Chama kikubwa cha wanawake cha nchi hiyo, National Organization for Women, hakikutishika na swali hilo, na sababu zake zastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa maana ndizo zilizolichimba shauri hili kuliko hukumu yoyote. Chama kilisema kwamba nafuu ya msichana ilikuwa pambo la kufunikia jambo kubwa zaidi. Tofauti ya bei ilikuwa kubwa kwa vijana tu. Baada ya miaka ishirini na mitano hivi, mwanamke alilipa kiasi kile kile alicholipa mwanamume, au karibu nacho. Lakini wanawake, kwa jumla, huendesha maili chache kuliko wanaume. Basi mwanamke mtu mzima, ambaye gari lake hulala mlangoni siku nyingi, alikuwa akimlipia mwanamume ambaye lake halilali, na jambo hilo liliendelea miaka arobaini ya maisha yake baada ya ile nafuu ya ujana kwisha. Kampuni zilipotaka kumtoza kijana wa kiume zilisema uume ni sababu. Zilipofika kwa mtu mzima zikanyamaza. Dawa, kilisema chama, ni kuacha kuuliza mtu ni nani, na kuuliza gari limekwenda maili ngapi. Kila gari lina saa ya maili mbele ya dereva. Mtu na alipe kwa maili, kama alipavyo petroli.

Hoja hii haikupendwa na wenye bima, na wenye bima walikuwa na majibu: saa ya maili yaweza kuchezewa, na maili ya usiku si sawa na maili ya mchana. Majibu hayo si ya upuuzi. Lakini ilikuwa ni hoja ya kweli, kwa kuwa ilitenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa, yaani alama na sababu. Uume hausukumi mguu juu ya petroli. Uume ulikuwa ni alama rahisi, isiyogharimu kitu kuijua, ya mambo mengine ambayo yangegharimu kuyajua: umbali, saa za usiku, mwendo, ulevi, na ujeuri wa kijana aliyewapakia marafiki zake. Kwa muda mrefu kampuni ziliuza alama kwa jina la sababu, na hilo ndilo lililo gumu kuzitetea.

Wakati huo huo jimbo la Montana lilipita majimbo yote kwa ukali. Sheria yake ya mwaka 1983, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1985, ilikataza bei za kutofautisha wanaume na wanawake katika bima za kila namna, si za motokaa tu. Wenye bima walijaribu kuiondoa mara kadhaa wasifaulu, na sheria hiyo itatajwa tena.

Kanada ilifuata njia nyingine. Mwaka 1983 kijana wa Ontario asiyeoa, mwenye miaka ishirini, aliyekuwa amesoma udereva na asiyewahi kugonga, alilalamika kwamba alitozwa zaidi kuliko wasichana na kuliko waliooa. Shauri lilipanda ngazi zote likafika Mahakama Kuu ya Kanada, ambayo mwaka 1992 iliipa ushindi kampuni ya Zurich. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario yenyewe iliruhusu tofauti katika bima zikiwa na sababu ya haki na nia njema, na majaji walio wengi waliona kwamba mwaka 1983 kampuni haikuwa na njia nyingine iliyowezekana. Jaji Sopinka, aliyeandika hukumu yao, hakuifurahia sana hali hiyo. Alionya kwamba wenye bima hawawezi kujificha milele nyuma ya hesabu zao, bali ni wajibu wao kutafuta njia isiyobagua. Majaji wawili, L'Heureux-Dubé na McLachlin, wote wanawake, waliwapinga wenzao na kumpa haki yule kijana. Hoja ya kwamba njia nyingine haikuwepo ilikuwa na udhaifu wake: katika mikoa ya magharibi, Saskatchewan, Manitoba na British Columbia, bima ya lazima iko mikononi mwa mashirika ya serikali, nayo yamekuwa yakiuza bila ya kuuliza uume wala uke.

Hukumu ya Kanada ilizaa kioja baadaye. Mwaka 2018 shirika la utangazaji la CBC lilieleza habari za kijana wa Alberta aliyeona bei ya bima yake, akaenda akapata barua ya daktari na hati mpya ya kuzaliwa iliyomwandika mwanamke, akapunguziwa yapata dola 1,100 kwa mwaka. Alikiri kwamba alikuwa mwanamume na kwamba alitaka gari tu. Mtu aweza kulicheka jambo hili au kulikasirikia. Lakini laonyesha kwamba kampuni ilikuwa ikiiuzia bima karatasi, wala haikumwuzia dereva.

Ulaya ilikuja nyuma lakini ilikuja kwa kishindo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975, iliyokataza ubaguzi baina ya wanaume na wanawake, iliitoa bima nje ya katazo hilo, maadamu tofauti za bei zilitegemea hesabu ambazo ilikuwa busara kuzitegemea. Chini ya mwavuli huo walizuka wauzaji waliowalenga wanawake hasa, kama Diamond mwaka 1997 na Sheilas' Wheels mwaka 2005. Dhihaka ya zamani ilikuwa imepinduka: mwanamke aliyechekwa barabarani akawa mteja wa kugombaniwa.

Mwaka 2003 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza kwamba tofauti hizo zikatazwe kabisa. Serikali za nchi hazikukubali yote. Agizo lililotoka tarehe 13 Desemba 2004 lilisema katika kifungu cha 5 kwamba mikataba mipya baada ya tarehe 21 Desemba 2007 isitofautishe bei kwa uume au uke. Kisha, katika sehemu ya pili ya kifungu hicho hicho, likaruhusu kila nchi kuendelea kutofautisha ikiwa jambo hilo ni la maana sana katika kupima hatari na hesabu zake ni sahihi na zimetangazwa. Kanuni ilitolewa kwa mkono mmoja, na ruhusa ya kuiacha ikatolewa kwa mkono wa pili, wala ruhusa haikuwekewa mwisho.

Ubelgiji iliitumia ruhusa hiyo kwa bima ya maisha. Chama cha walaji kiitwacho Test-Achats, pamoja na watu wawili, kikaishtaki sheria ya Ubelgiji, na mahakama ya katiba ya nchi hiyo ikapeleka swali Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Inasahauliwa mara nyingi kwamba shauri lililobadilisha bei za motokaa Ulaya nzima lilianzia katika bima ya maisha, na katika nchi ambayo ruhusa yake haikuhusu motokaa. Juliane Kokott, wakili mshauri wa mahakama, alitoa maoni yake tarehe 30 Septemba 2010. Aliuliza swali ambalo wenye bima hawakuweza kulijibu kwa urahisi: kama hesabu zingeonyesha kwamba watu wa kabila moja hufa mapema kuliko wa kabila jingine, je, ingejuzu kuweka bei kwa kabila? Kila mtu angesema haijuzu. Basi uume na uke, ambavyo mtu huzaliwa navyo vile vile, vimepataje ruhusa? Urahisi wa kuvijua, alisema, si sababu ya kutosha.

Tarehe 1 Machi 2011 baraza kubwa la majaji lilitoa hukumu. Halikufuata hoja zote za Kokott, wala halikusema neno juu ya nani huendesha vizuri. Lilisema jambo jembamba zaidi: Umoja ukisha kujiwekea lengo la usawa, hauwezi kuruhusu kinyume chake bila ya kikomo cha wakati. Kwa hiyo ruhusa ile ikafutwa kuanzia tarehe 21 Desemba 2012. Wanasheria wengi waliiona sababu hii kuwa haba, na kwa haki. Shauri lililokuwa limegusa asili ya haki ya mtu liliamuliwa kwa kosa la uandishi wa sheria, na swali la Kokott likabaki bila ya jibu la mahakama.

Yaliyofuata yafundisha zaidi kuliko hukumu yenyewe. Mwezi wa Desemba 2011 Halmashauri ilitoa mwongozo uliosema kwamba kampuni zaweza kuendelea kupanga bei kwa ukubwa wa injini, hata kama wanaume ndio wenye injini kubwa kwa wingi. Mlango wa mbele ulifungwa na dirisha likaachwa wazi, na pengine haikuwezekana vingine, kwa kuwa injini kubwa ni hatari kweli kweli, awe ndani yake mwanamume au mwanamke. Katika Uingereza bei za wastani za wanaume ziliendelea kuwa juu kuliko za wanawake hata baada ya hukumu, kwa sababu ya magari yao, maili zao na makosa yao ya barabarani. Mtu aweza kulisoma jambo hili kwa njia mbili. Aweza kusema kampuni zilitafuta mitaimbo mipya ya kufungulia kisanduku kile kile. Au aweza kusema kwamba ziliacha alama na kuishika sababu, kama walivyotaka wale wanawake wa Marekani na saa yao ya maili. Kazi ya dereva ndiyo yenye mashaka zaidi: kumtoza zaidi kijana kwa kuwa ni mwashi, na kidogo kwa kuwa ni mwuguzi, ni kuurudisha uume na uke kwa jina jingine, kwa maana wanaojenga wengi ni wanaume na wauguzi wengi ni wanawake.

Chombo kilichofaidika kuliko vyote kilikuwa kile kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya gari na kuiarifu kampuni mwendo wake, ukali wa breki zake, na saa za safari zake. Kisanduku hicho kilikuwepo kabla ya hukumu, lakini baada yake vijana wengi wa Uingereza, wa kike na wa kiume, walikubali kukifunga ili wapunguziwe. Bima moja ya namna hiyo iliitwa Drive Like a Girl, yaani endesha kama msichana, na ilimpokea mwanamume yeyote aliyeweza kufanya hivyo. Uwanawake, uliokuwa fungu la kuzaliwa nalo, ukawa mwenendo wa kuigwa. Lakini haki hii mpya ina gharama yake. Zamani kampuni haikumjua mteja wake, ikamhukumu kwa fungu lake. Sasa yamjua, kwa kuwa imeketi naye ndani ya gari usiku na mchana. Kijana aliyelalamika Pennsylvania kwamba hakutazamwa yeye mwenyewe hakudhani kwamba ombi lake lingejibiwa kwa ukamilifu huu.

Huko Marekani shauri halijafikia mwisho wake. Mwaka 2017 Consumer Federation of America, shirikisho la vyama vya walaji, lilichunguza bei za kampuni kubwa katika miji kadhaa, likaona kwamba wanawake wa miaka arobaini na sitini, wasio na kosa lolote la barabarani, mara nyingi walitozwa zaidi kuliko wanaume walio sawa nao kwa kila jambo. Habari hii iliwashangaza wale waliokuwa wakiamini kwamba bei za kutofautisha ni zawadi ya wanawake. Haikuwashangaza wale waliokumbuka maneno ya National Organization for Women. California, ambayo tangu kura ya mwaka 1988 ilikuwa imelazimisha bei zitegemee kwanza mwenendo wa dereva, maili zake na miaka yake ya uzoefu, iliufuta uume na uke katika bei za bima ya motokaa za watu binafsi kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Montana ilikwenda kinyume. Mwaka 2021 baraza lake la sheria liliifuta sheria ile iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1985, na kampuni zikaruhusiwa tena kumwuliza dereva wa Billings au Missoula kama ni mwanamume au mwanamke kabla ya kumtajia bei.